Siku Kumi na Mbili za Kusogeza Kizigeu

Jumamosi, 8 Machi 2025

Ofisi ya taaluma imetugawia faili la kujazia matokeo ya mtihani wa katikati ya muhula. Ni la Excel na lina makro. Nimelifungua nyumbani kwa LibreOffice: majina ya wanafunzi yapo, safu za alama zipo, kitufe cha kupanga madaraja kipo. Nimekibonyeza mara nne, hakikufanya kazi. Mwisho wa kuwasilisha ni tarehe 20.

Nilianza kutumia Linux mwaka 2014. Laptopu hii niliinunua mwaka 2019 ikiwa imeshatumika, na ndani ilikuwa na Windows 10. Niliiondoa siku ileile nikaweka Ubuntu. Mitihani yote ya Hisabati niliyotunga kwa miaka 11 imo humu, pamoja na michoro ya pembetatu na duara niliyoichora usiku baada ya watoto kulala. Na sikuingia Linux kwa kukwepa gharama. Mwaka 2004 nilikuwa mwanafunzi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Nilikaa mbele ya skrini ile nikazisoma menyu zote mpaka ya mwisho. Iliwezekana kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi, na aliyetaka kuutafsiri aliruhusiwa kuutafsiri. Jambo hilo halijanitoka moyoni mpaka leo.

Baada ya futari nimepita kwa kijana niliyemfundisha, siku hizi ana duka la kompyuta hapa Morogoro mjini.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Za mfungo?"

"Nzuri, Mwalimu. Hiyo tuifute yote, tupige Windows. Nusu saa tu."

Nimemwambia sifuti. Nataka Windows ikae pembeni ya Linux, kila mmoja na chumba chake. Amesema basi nikajitengenezee nafasi kwanza, ndipo atanipa fleshi ya Windows. Itabidi iwe Windows 10, maana Windows 11 inadai TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na yangu ni ya kizazi cha 6. Microsoft wametangaza kwamba masasisho ya kawaida ya Windows 10 yatakoma tarehe 14 Oktoba mwaka huu. Kwa faili moja la matokeo inanitosha.

Jumapili, 9 Machi

Nimefungua GParted, programu ya kugawa diski. Imenichorea diski yangu kama rula ndefu: kipande chembamba cha MiB 512 mwanzoni, cha kuwashia kompyuta, halafu kipande kikubwa cha ext4 cha GiB 457.26, chenye kila kitu changu. Mwishoni kabisa swap, nafasi ya kusaidia kumbukumbu ya kompyuta, ya GiB 8. Ndani ya kile kikubwa, rangi ya manjano inaonyesha palipojaa, nyeupe palipo wazi. Nimetumia GiB 291.

Binti yangu ameuliza kwa nini diski iliyoandikwa GB 500 inasoma 465.76. Tumekaa tukakokotoa. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja. GParted inahesabu GiB, ambayo ni 1,024 kwa kipeo cha tatu, yaani baiti 1,073,741,824. Diski ina baiti 500,107,862,016. Gawanya. Amepata 465.76, akafurahi.

Nikaja kwenye kazi yenyewe. Nimebofya kipande kikubwa, nikachagua kubadili ukubwa. Imekataa kupungua. Pembeni mwa jina lake kuna alama ya ufunguo, maana yake kinatumika. Mfumo wa faili wa ext4 unaweza kupanuliwa huku unatumika, lakini kuupunguza ni lazima kwanza uachwe kutumika. Mkeka haukunjwi watu wakiwa wameukalia. Inabidi niiwashe kompyuta kwa fleshi yenye mfumo wake, ili diski ilale bila mtu juu yake.

Niseme neno kuhusu jina. Vijana wanasema patisheni. Kamusi inatupa kizigeu. Lakini kizigeu nilichokulia nacho ni ule ukuta mwembamba, au pazia, linalokata chumba kimoja kuwa viwili. Hakuna aliyelala ndani ya kizigeu. Kwa hiyo humu kipande chenyewe nitakiita patisheni, na mpaka ulio katikati ndio nitauita kizigeu. Kinachosogezwa ni kizigeu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepakua GParted Live kwa simu. Bando limeisha katikati. Nimeongeza, upakuaji ukaendelea, ukasema umekamilika. Nimeiandika kwenye fleshi, haikuwaka.

Watengenezaji hutoa tarakimu za kuhakikisha faili, herufi na namba 64 unazozilinganisha na za faili ulilopakua. Nimezilinganisha jioni hii, jambo ambalo lilipaswa kutangulia. Zilitofautiana tangu herufi ya kwanza. Nimefuta na kupakua upya mpaka zikalingana zote 64.

Fleshi niliyotumia ni ya binti yangu, ilikuwa na kaswida za madrasa. Alinipa mwenyewe, akaniambia kaswida zipo pia kwenye simu ya mama yake. Jioni tumeangalia. Kwenye simu zipo tatu, na fleshi ilikuwa na kumi na moja. Nimemwahidi kuzitafuta kwa ustadhi wake.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya nakala. Nimefunga kazi zangu zote ndani ya faili moja kubwa la GB 38, nikaanza kulihamishia kwenye diski ya nje ya mke wangu. Ilipofika GB 4 ikasimama, ikasema faili ni kubwa mno. Diski hiyo ina GB 200 zilizo wazi.

Sababu ni kwamba imefomatiwa kwa FAT32, na FAT32 haibebi faili moja linalozidi baiti 4,294,967,295. Hiyo ni mbili kwa kipeo cha 32, toa moja. Nimefundisha vipeo miaka yote hii, na leo kipeo kimekaa mlangoni mwangu. Kwa kuwa ndani ya diski kuna picha za harusi ya shemeji, sikuthubutu kuifomati. Nimeyaacha mafaili yalivyo, moja moja, nikayanakili kwa rsync. Kazi imekwisha saa 6 usiku.

Jumatano, 12 Machi

Nimeipeleka diski ya nje shuleni nikaichomeka kwenye kompyuta ya mwalimu wa Jiografia. Nikafungua mtihani wa Kidato cha Tatu wa mwaka 2016. Umefunguka. Nikafungua wa 2021. Umefunguka, michoro yote ipo. Nikafungua folda ya 2018. Ilikuwa tupu.

Mafaili ya folda hiyo nilikuwa nimeyahamishia pengine nikaacha njia ya mkato tu ndani yake, na rsync niliyoiandika haikufuata njia ya mkato. Nimerudi nyumbani nikainakili 2018 peke yake, kisha nikaomba kompyuta ya jirani nikaifungua. Sasa ipo. Kama nisingefungua nakala kwenye kompyuta nyingine ningekuwa na amani ya uongo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimewasha kwa fleshi saa 1 na nusu usiku, baada ya futari. Mchoro uleule, safari hii patisheni kubwa haina alama ya ufunguo. Dirisha la kubadili ukubwa lina visanduku vitatu: nafasi inayotangulia, ukubwa mpya, na nafasi inayofuata. Vyote vinahesabu kwa MiB. Nataka GiB 80, yaani MiB 81,920. Nimeiandika kwenye kisanduku cha kwanza.

Programu ikatoa onyo kwamba kuhamisha mwanzo wa patisheni kunaweza kuchukua muda mrefu sana na kuufanya mfumo ushindwe kuwaka. Nimelisoma mara mbili. Nafasi ikiachwa mbele ya patisheni, data zote za GiB 291 zinabidi zisukumwe kulia, kila moja kutoka ilipokaa. Nafasi ikiachwa nyuma, zinazohama ni zile tu zilizokaa eneo linalokatwa. Nimefuta, nikaandika 81,920 kwenye kisanduku cha tatu. Kwenye mchoro ukingo wa kulia ukarudi ndani na eneo la kijivu likatokea.

GParted haifanyi chochote mpaka ukubali orodha ya kazi iliyopangwa. Mkono wangu ulikuwa kwenye kipanya nikikagua orodha, umeme ukakatika mtaa mzima. Betri ya laptopu hii inakaa dakika 25. Nimezima. Diski ilikuwa haijaguswa.

Tumekaa barazani mpaka saa 4. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, patisheni inabaki imehamishwa nusu, na hakuna kitufe cha kurudisha. Nimeamua kufanya baada ya daku. Kwa mtaa wetu, alfajiri ndiyo saa ambayo umeme haujawahi kunitoroka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekula daku mapema, nikawasha saa 10 na dakika 20, nikakubali orodha. Kila hatua ina mstari wake, na nimekaa nikiitazama yote.

Kwanza ilikagua mfumo mzima wa faili. Kisha ikaupunguza mfumo wa faili wenyewe: kila kilichokaa kwenye GiB 80 za mwisho kilihamishiwa ndani. Hapa ndipo muda wote uliishia. Mwisho kabisa, kwa sekunde chache, ikasogeza kizigeu. Mpangilio huo ndio usalama wenyewe. Ukisogeza kizigeu kabla hujahamisha vitu, vilivyobaki upande wa pili si vyako tena. Ukipanua, unageuza: kizigeu kwanza, mfumo wa faili baadaye. Wanafunzi wangu wanajua habari hii kwa jina la mabano. Kuna kinachotangulia na kuna kinachosubiri, na jibu linategemea hilo.

Nimeswali Alfajiri diski ikiwa bado inakwaruza. Saa 12 na dakika 5 imemaliza. GiB 377.26. Kila hatua na alama ya tiki.

Kazi ingeishia hapo, lakini swap ilikuwa imebaki peke yake mwishoni, nafasi tupu ikiwa katikati. Niliona heri swap ikae jirani na Linux yake. Nikaifuta, nikaunda nyingine ya ukubwa uleule hatua chache kushoto. Nikawasha kompyuta, ikasimama. Skrini nyeusi, mstari mmoja, na hesabu ya muda inayopanda kuelekea dakika 1 na sekunde 30. Ilipofika hapo ikaendelea, ikawaka.

Linux haitambui patisheni kwa mahali ilipo. Inaitambua kwa UUID, namba yenye tarakimu 32, iliyoandikwa kwenye faili la fstab. Swap mpya ilipata namba mpya. Kompyuta ikasubiri ile ya zamani kwa sekunde 90, kisha ikakata tamaa. Nimeisoma namba mpya kwa amri ya blkid, nikaiandika kwenye fstab, nikakosea tarakimu moja, nikasubiri sekunde 90 nyingine, nikairekebisha. Nimechelewa kipindi cha kwanza kwa dakika saba. Nimewaomba radhi Kidato cha Pili B.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepewa fleshi ya Windows. Nimewasha, nikaonyeshwa orodha ya patisheni, nikachagua nafasi iliyo wazi. Imekataa, ikisema diski ni ya mtindo wa GPT.

Nimerudi kwenye orodha ya kuwashia nikaona fleshi moja imeandikwa mara mbili, mara moja ikiwa na neno UEFI mbele yake. Nilikuwa nimechagua isiyo nalo. Windows ikiwashwa kwa njia ya zamani haijiweki kwenye diski ya GPT. Nimechagua ya pili, ikakubali.

Hapa ndipo pa hatari kuliko pote, na ningependa kila anayefanya kazi hii apatazame kwa makini. Windows haiifahamu ext4. Patisheni yenye miaka 11 ya kazi yangu imeorodheshwa kama patisheni tu, bila jina, na kitufe cha kufuta kiko chini yake, tayari. Nilikuwa nimeandika ukubwa wa kila patisheni kwenye karatasi kabla ya kuanza. Nimeweka kidole kwenye karatasi na kidole kwenye skrini, nikalinganisha mstari kwa mstari, nikabofya ile ya GB 80 isiyo na mtu.

Ufunguo wa leseni haikuuliza. Ulikuwa ndani ya kompyuta yenyewe tangu ilipotoka kiwandani.

Jumapili, 16 Machi

Kompyuta inawaka moja kwa moja kwenye Windows. Linux haionekani popote. Mke wangu ameniona nimesimama, akaniuliza kama vitu vimepotea. Nimemwambia havijapotea, mlango ndio umehamishwa.

Windows ikijiweka inajiandika ya kwanza kwenye foleni ya kuwashia. Nimebonyeza F12, nikachagua ubuntu, ikawaka, na kazi zangu zote zipo. Nimefungua mtihani wa 2018 kwanza kuliko yote. Kisha kwa efibootmgr nimerudisha Linux mbele ya foleni.

Nikawasha tena. Sasa menyu ya GRUB, programu inayokuchagulisha mfumo wa kuwasha, haina Windows. Tangu toleo la 2.06, GRUB imeacha kutafuta mifumo mingine yenyewe kwa sababu za usalama, na inataka uiruhusu. Nimeongeza mstari wa GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye mipangilio yake, nikaendesha update-grub, ikatangaza kwamba imeiona Windows. Menyu ina wote wawili.

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudi shuleni saa 8 mchana, nikajilaza. Nilipoamka mvua ilikuwa inapiga bati, mawingu yameziba dirisha. Nikawasha Windows, saa ya pembeni ikasoma 14:50. Nikajua nimelala nusu saa. Nikaanza kujaza alama. Kitufe cha madaraja kinafanya kazi. Nimejaza mikondo miwili kwa utulivu mkubwa.

Binti yangu ameingia na sahani ya tende.

"Baba, wameshaadhini."

Skrini ilisoma 15:43. Ilikuwa saa 12 na dakika 43 jioni. Mvua ilikuwa imeifunika adhana. Nimefuturu, nimeswali Magharibi, na nimeilipa Alasiri iliyonipita.

Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayoendelea hata ikizimwa. Linux huiandikia saa ya UTC, kisha huongeza saa tatu zetu inapoonyesha. Windows huisoma kama saa ya hapa hapa. Kwa hiyo Windows ikabaki nyuma kwa saa tatu kamili, na bila bando haikuwa na pa kujisahihishia. Nimeiambia Linux iandike saa ya hapa: timedatectl set-local-rtc 1. Linux yenyewe hutoa onyo kwamba njia hii ina shida kwenye nchi zinazosogeza saa kwa majira. Sisi hatusogezi. Masika na kiangazi ni saa ileile, na onyo hilo halituhusu.

Jumanne, 18 Machi

Nimewasha Linux ili niongeze alama za Kidato cha Nne kwenye faili lililoko patisheni ya Windows. Limefunguka kwa kusomwa tu, kuandika imekataa. Windows niliizima jana, lakini ina mpango wa kuwaka haraka, na ukiibofyia kuzima haizimiki sawasawa, inajiwekea alama ya pale ilipoishia. Linux ikiikuta hali hiyo haiandiki ndani yake, isije ikaharibu. Imefanya vyema kukataa. Nimerudi Windows, nikaandika powercfg /h off, nikazima, nikawasha Linux. Sasa inaandika.

Jumatano, 19 Machi

Nimemaliza kujaza alama za wanafunzi 214 saa 3 na nusu usiku na kuwasilisha faili, siku moja kabla ya mwisho. Ustadhi ametoa kaswida tisa kati ya kumi na moja, na fleshi imerudi kwa mwenyewe. Zilizokosekana ni ya Maulidi na ile ya watoto wadogo. Mwenye nazo hapa Morogoro tunaomba atupatie.